Ushahidi wa Vinusi Tisa

Saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi, katika korongo la Itagata, kinusi kimoja kilichochomekwa kati ya migomba miwili kilinusa kitu ambacho pua ya mtu haiwezi kukinusa. Hewa nzito ilikuwa imeanza kutoka kwenye ufa wa mwamba, ikajaa chini kabisa ya korongo taratibu, kama maji kwenye karai. Kinusi hakikupiga kelele. Kilimnong'oneza jirani yake wa hatua arobaini, jirani akamnong'oneza jirani, na ndani ya sekunde kumi na moja habari ilikuwa imefika makao makuu, imekaguliwa na kuaminiwa, na feni sita za Itagata, kila moja na upana wa nyumba ya vyumba viwili, zimeanza kuzunguka. Ving'ora vililia. Watu walipanda kilimani na watoto mgongoni na vikombe vya chai mkononi, wakasimama huko dakika ishirini wakilaumu baridi. Kisha ubao wa hewa ulirudi kwenye rangi ya kijani, nao wakarudi makwao. Hakufa hata kuku.

Hivyo ndivyo jiji la Lugombo lilivyokuwa likiishi. Lilijengwa kwenye miteremko ya milima ya volkano ya kusini kwa sababu ya joto lililo chini ya ardhi. Mvuke wa huko uliendesha mitambo, mitambo ikaendesha viwanda, roboti za kuchuma chai na magari ya nyaya yaliyopita juu ya mabonde usiku na mchana. Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Ardhi inayotoa mvuke hutoa na mengine, na baya zaidi lilikuwa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo watu wa Lugombo waliiita hewa nzito. Haina rangi wala harufu. Hushuka mabondeni asubuhi zisizo na upepo, na mtu anayeikuta huko huhisi usingizi, akakaa kidogo apumzike, na ndiyo imetoka hiyo.

Ndiyo maana jiji lilichomeka vinusi elfu arobaini. Kinusi ni fimbo fupi yenye kichwa kama yai la bata. Hakina betri ya kubadilisha. Kinakula joto la udongo. Kwa kuwa kinakula kidogo, kinasema kidogo: mawimbi yake ya redio hayafiki mbali, hivyo lazima kila kimoja kitegemee jirani kukipelekea ujumbe. Na chochote kinachoishi kwa kutegemea maneno ya jirani kinaweza kudanganywa. Hilo nalo watu wa Lugombo walilijua, maana walikuwa na majirani.

Aliyelipwa kuhakikisha vinusi havidanganywi alikuwa Injinia Tusekile Mwakibete wa Idara ya Hewa, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ambaye hakuiamini saa ya ukutani mpaka aitazame na ya mkononi. Wenzake walimtania kwamba siku ya harusi yake alimuuliza mchungaji kitambulisho. Alikuwa hodari, na alijijua kuwa hodari, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kumponza.

Miezi ya Aprili na Mei ya mwaka huo jiji lilishambuliwa mara tatu. Hakuna aliyevunja kitu wala kuiba. Ving'ora vililia tu, ubao ukawa mwekundu, watu wakakimbia, na baadaye ikaonekana hewa ilikuwa safi tangu mwanzo. Mara ya kwanza ilikuwa mtaa wa viwanda. Mara ya pili soko kuu. Mara ya tatu, Jumamosi mchana, lilikuwa bonde dogo la Kilambo lenye nyumba kumi na nne.

Tusekile alichukua siku tisa kuelewa. Mtu fulani alikuwa amekaa na mtambo wa kunasa mawimbi siku kinusi kilipotoa tahadhari ya kweli. Akairekodi. Baadaye akairusha tena hewani ile ile, neno kwa neno, na vinusi vya karibu vikaipokea na kuipeleka mbele kama ujumbe mpya wa mwenzao. Idara ililiita shambulio la marudio. Ni sawa na mtu kurekodi sauti ya mama yako akikuita, kisha akaja kuicheza nyuma ya nyumba unapolala.

Dawa yake Tusekile aliipata katika jambo la zamani sana. Tangu enzi za bibi yake, kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wao, na mgeni akiingia mtaani hakuhojiwa karatasi, waliulizwa majirani. Hakuna askari anayemjua mtu kama jirani anavyomjua. Basi Tusekile alivigawa vinusi kumi kumi. Kila kinusi kilipima umbali wake na wenzake tisa kwa muda ambao mawimbi hutumia kwenda na kurudi, na kila kimoja kilisikiliza wenzake wanasema nini na kuwapa alama za uaminifu. Kinusi kimoja kilikuwa balozi wa wiki, kikikusanya alama hizo. Pacha bandia wa kinusi akijitokeza, au sauti ikatoka pasipostahili, majirani walishuhudia kwamba huyu si mwenzetu, naye alitengwa. Aliyetengwa aliendelea kusema, ila maneno yake yalitupwa kwenye hifadhi moja ambayo mafundi waliiita jalala.

Vinusi havikujua viko wapi duniani. Kifaa cha kupokea ishara za setilaiti kingekula joto lote, na tena ishara za setilaiti zinaweza kughushiwa. Kilichojulikana ni jirani tu.

"Na majirani wakigombana?" aliuliza Mkurugenzi wa Idara, Bwana Lwitiko, siku mfumo ulipowasilishwa kwa kamati.

"Wengi wape," alisema Tusekile.

Kamati ilicheka, ikapitisha. Mfumo ukaitwa Nyumba Kumi. Bibi yake Tusekile, angekuwa hai, pengine asingecheka. Alikuwa akisema mtu akinung'unikiwa na majirani pumzi zao humfuata, atatetemeka hata kwenye jua kali, awe ana kosa au hana.

Wiki ile ile Tusekile alikwenda redioni kuwatuliza wananchi. Alizungumza vizuri. Alieleza kwamba makao makuu hayamjui kinusi yeyote kwa sura, wanaomjua ni majirani zake tisa, na kwamba ukimng'oa mmoja ukamsogeza hata hatua tano, tisa waliobaki watamsema papo hapo. Akawaomba watu wasisikilize uvumi wa mitaani. Waangalie ubao. Ubao ukiwa kijani, walale.

Katikati ya Juni alikamatwa mfanyabiashara mmoja wa barakoa za hewa akiwa na mtambo wake chini ya kitanda. Kila king'ora kilipolia, duka lake lilikuwa likijaa. Nyumba Kumi ndiyo iliyomuumbua. Katika wiki ya kwanza tu mfumo ulikuwa umezitenga sauti thelathini na moja, na gazeti la jiji lilichapisha idadi hiyo kwa wino mwekundu. Tusekile alikata kipande kile akakibandika jikoni kwake.

Miongoni mwa zile thelathini na moja kulikuwa na kinusi namba saba cha Kilambo.

*

Ijumaa ya kwanza ya Agosti, saa moja na robo asubuhi, Tusekile alikaa kusafisha jalala. Ilikuwa kazi ya kufagia tu, na kwa kawaida aliifanya huku akinywa uji. Sauti nyingi za huko zilikuwa mabaki ya yule mfanyabiashara na vinusi vilivyoharibika. Alikuwa akizifuta kwa mafungu mpaka akafika kwenye namba saba.

Kwa muda wa miezi miwili namba saba ilikuwa imesema machache ya kawaida. Lakini tangu Jumatatu ilikuwa imetuma ujumbe mara mia mbili na kumi na mbili, zote kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi. Zote zilisema hewa nzito.

Aliweka kikombe chini. Shambulio la marudio lina alama moja isiyofichika: hurudia. Tarakimu ni zile zile, kwa kuwa maneno ni yale yale. Tarakimu za namba saba hazikurudia hata mara moja. Jumatatu zilianza ndogo, zikapanda kidogo, jua lilipochomoza zikashuka. Jumanne zilipanda zaidi. Jumatano zaidi. Asubuhi hii zilikuwa zimevuka kiwango ambacho mtu huzimia, na bado zilikuwa zinapanda huku akizitazama. Hakuna mwongo anayejisumbua hivyo.

Akavifungua vinusi tisa vya Kilambo, majirani walioshuhudia kwamba namba saba si mwenzao. Vyote vilisema hewa safi. Vyote vilikuwa na alama za juu za uaminifu, juu kuliko kundi lolote la kumi katika jiji. Na vyote vilisema upepo unavuma kutoka mashariki na unyevu ni mdogo.

Akampigia simu balozi wa Kilambo, yule wa kweli, wa watu. Alikuwa mtu wa makamo aitwaye Gwamaka Mwasomola, aliyekuwa fundi wa roboti za chai kabla ya kustaafu mapema kwa sababu ya mgongo.

"Balozi, habari za asubuhi. Ni Tusekile wa Idara ya Hewa."

"Nzuri, Injinia. Tunakusikia redioni, hongera sana kwa kazi."

"Asante. Huko hewa ikoje?"

"Ubao kijani. Tangu mwezi wa sita ni kijani tu, tunashukuru."

"Upepo upo?"

"Upepo wa wapi, Injinia? Huku kwetu hata jani halitikisiki. Ukungu umelala bondeni tangu alfajiri."

Tusekile aliitazama tena skrini, ambapo vinusi tisa vilikuwa vinasema mashariki, mashariki, mashariki.

"Balozi, nakuuliza kama dada yako, sikuulizi kama serikali. Vile vinusi viko wapi?"

Kwenye simu Tusekile alisikia jogoo mahali fulani, na mtu akifagia.

"Vipo," alisema Gwamaka.

"Viko wapi?"

"Viko juu. Kwenye chai."

"Na bondeni yuko nani sasa hivi?"

"Baba," alisema, na sauti yake ilikuwa tayari imebadilika. "Baba yuko bondeni."

"Usishuke," alisema Tusekile. "Gwamaka, nisikilize, usishuke na usimruhusu mtu yeyote ashuke. Vuta mkono wa kuwashia feni. Vuta sasa, ubaki hapo hapo juu."

Yeye mwenyewe alijaribu kuziwasha feni za Kilambo kutoka mezani kwake. Mfumo ulimuuliza ushahidi. Akataja namba saba. Mfumo ukamjibu kwamba namba saba imetengwa na kwamba majirani tisa wanasema hewa ni safi. Kanuni hiyo aliiandika yeye, ili mtu mmoja asiweze kuliamsha jiji kwa uongo. Ilimchukua dakika sita kuivunja, na wakati huo Gwamaka alikuwa ameshavuta mkono wa feni kwa mikono yake.

*

Gari la nyaya kutoka makao makuu hadi Kilambo hutumia dakika kumi na tatu. Tusekile alisimama njia nzima, mkono kwenye kioo. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Alimkuta Gwamaka ukingoni mwa bonde, ameshikwa na watu watano. Shati lilikuwa limechanika begani kwa jinsi walivyomvuta. Feni zilikuwa zinanguruma na migomba ya chini ilikuwa inalala upande mmoja, lakini hewa nzito haiondoki kama moshi; inasukumwa polepole, na feni za Kilambo zilihitaji nusu saa. Chini kabisa, kwenye uwazi mdogo katikati ya migomba, palikuwa na kaburi lenye saruji mpya, na kando ya kaburi kiti cha mbao, na kwenye kiti mzee mwenye koti zito, kidevu kimelala kifuani. Ungemwona kwa mbali, ungesema amesinzia. Hakuna aliyesema hivyo.

"Kila asubuhi anashuka kumsalimia mama," alisema Gwamaka bila kumtazama Tusekile. "Anamweleza habari. Nani kazaa, nani kauza ng'ombe. Siku nne hizi anarudi analalamika kichwa. Tukampa dawa ya maumivu."

Walisubiri. Ilikuwa robo saa ndefu kuliko zote alizowahi kukaa Tusekile. Taa za feni zilipogeuka kijani, ishara kwamba muda umetimia, alishuka na Gwamaka na watu wengine wawili, wakiwa na mitungi ya hewa. Mzee Asajile Mwasomola alikuwa ameshakufa. Mkononi alikuwa bado ameshika kofia yake, kama mtu aliyeivua kwa heshima ya mwenyeji.

Hatua mbili kutoka kwenye kile kiti kilisimama kinusi namba saba. Taa yake ndogo ilikuwa ikiwaka na kuzima. Kilikuwa bado kinasema.

Walipompandisha mzee nyumbani na wanawake wakaanza kulia, Gwamaka alimchukua Tusekile akampeleka kwenye shamba la chai juu ya ukingo. Vinusi tisa vilikuwa vimechomekwa pale kwa mpangilio safi kabisa, na kati yao ilikuwa bado imelazwa kamba yenye mafundo.

"Ile Jumamosi ya Mei tulikuwa tunamzika mama," alisema. "Jeneza liko juu ya kamba, nusu ndani nusu nje, king'ora kikalia. Mchungaji akakimbia. Wote tukakimbia. Tulimwacha mama yangu ananing'inia juu ya shimo peke yake, Injinia, na baba akakataa kukimbia, ikabidi tumbebe. Tumekaa kule juu dakika arobaini tunamtazama. Na hewa ilikuwa safi."

Tusekile alikumbuka kwamba kwake ile Jumamosi ilikuwa mstari wa tatu kwenye jedwali.

"Tukasema haitatokea tena," aliendelea Gwamaka. "Wiki chache baadaye nikakusikia redioni. Ulisema ukimsogeza mmoja, tisa watamsema. Nikawaza, mimi ni fundi. Tukihama wote pamoja, nani atamsema nani? Nikapima kwa kamba umbali wa kila kimoja na mwenzake. Tukawa watu tisa, kila mtu na chake mkononi, tukapanda hatua kwa hatua, kamba imenyooka, kama watu wa kwaya wanaingia kanisani. Watu wa barabarani walitucheka. Hakuna king'ora kilicholia."

"Na cha saba?"

"Cha saba kilikuwa hatua mbili kutoka kwa mama. Kaburi bichi. Sisi hatung'oi kitu wala hatuchimbi kando ya kaburi bichi, isipokuwa kwa kuzika, mpaka mwaka upite na msiba umalizwe. Tukakiacha."

Hapo Tusekile alielewa lote, akaketi chini kwenye majani ya chai yenye umande bila kujali sketi. Vinusi tisa vilipanda mlima vikitazamana, na kila kimoja kilipopima jirani zake kiliwakuta palepale walipokuwa siku zote. Aliyekosekana alikuwa mmoja. Basi tisa waliohama walishuhudia kwamba aliyebaki mahali pake ndiye aliyehama, na mfumo ukawaamini, kwa kuwa walikuwa tisa. Miezi miwili walikaa juu kwenye upepo wakisema ukweli mtupu kuhusu hewa ya kwenye chai, na kila walichosema kiliwaongezea alama.

"Kiliona?" aliuliza Gwamaka. "Cha saba."

Angeweza kumjibu kwamba uchunguzi unaendelea.

"Kiliona tangu Jumatatu," alisema. "Kimesema mara mia mbili na kumi na mbili."

"Kimemwambia nani?"

"Sisi. Zote zilifika. Zilikuwa zinatupwa."

Gwamaka aliutazama mlima mrefu. Tusekile alingoja atukanwe, na angeona afadhali. Gwamaka alisema tu, "Haya," akarudi kwenye msiba wake.

*

Bwana Lwitiko hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. Jumamosi asubuhi alimwita Tusekile ofisini, akafunga mlango mwenyewe.

"Pole sana," alisema. "Nimesoma. Kwa hiyo vinusi tisa vya Kilambo vilihamishwa kwa makusudi na wakazi, wakiongozwa na balozi wao."

"Ndiyo."

"Na sheria inasema kuhamisha kinusi ni jela miaka saba. Aina ya shambulio, uhamisho wa pamoja. Mshambuliaji, Gwamaka Mwasomola. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyoandikwa?"

"Kama nilivyouandika."

"Basi taarifa imekwisha. Wewe ongezea kinga ya aina hii ya shambulio, na mpaka taarifa itoke, hakuna mtu wa Idara anayezungumza hadharani. Hasa huko msibani. Tunaelewana, mama?"

Tusekile alisema wanaelewana. Kinga alikuwa ameshaianza usiku, na haikuwa na hesabu ngumu: kinusi chochote kikitengwa, mtu wa Idara atakwenda kwa miguu siku hiyo hiyo akione kwa macho kabla ya jua kuzama. Kilikuwa kipengele kimoja, mistari minne. Kilichomtesa ni kwamba mistari minne hiyo angeweza kuiandika mwezi Mei, na hakuiandika kwa sababu aliona inachosha kuwatuma watu mabondeni kumtazama mwongo.

Jumapili mchana simu ililia. Alikuwa Gwamaka.

"Tunazika kesho saa nane," alisema. "Kando ya mama. Historia ya marehemu nimeshaiandika. Kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, watoto na wajukuu. Imebaki sehemu ya kuugua na kifo. Nimekaa nayo tangu jana, siijui. Naomba uiandike wewe. Na uisome."

"Balozi, mimi nimekatazwa kusema."

"Najua. Mkurugenzi wenu kanipigia kunipa pole, kasema atakuja. Mimi sikulazimishi, dada. Lakini huku kwetu mtu hazikwi mpaka watu waambiwe kimemuua nini."

*

Siku ya Jumatatu feni zote za Kilambo ziliwashwa tangu alfajiri, na vinusi tisa vilikuwa vimesharudishwa kwenye mashimo yake ya zamani bondeni. Watu walijaa mpaka juu ya ukingo. Mchungaji ilibidi apaze sauti kushindana na feni. Bwana Lwitiko alikaa mstari wa mbele pamoja na wageni wa serikali, miwani myeusi usoni.

Gwamaka alisoma historia ya baba yake kwa utulivu: alizaliwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alifunga ndoa mwaka gani. Alipofika kwenye kuugua na kifo alimwita Tusekile. Watu waligeuka kumtazama huyo mwanamke wa redioni. Tusekile alitembea mpaka kwenye kipaza sauti akiwa na karatasi moja.

"Marehemu Mzee Asajile hakuugua," alisoma. "Ijumaa asubuhi alishuka bondeni kama kawaida yake, akavuta hewa nzito, akafa. Kinusi kilichokuwa karibu naye kilitoa tahadhari mara mia mbili na kumi na mbili kwa asubuhi tano. Tahadhari zote zilifika Idara ya Hewa. Hazikusikilizwa, kwa sababu kuna kanuni iliyosema zisisikilizwe. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Nilikwenda redioni nikawaambia mlale, nanyi mkalala. Naomba radhi kwa familia na kwa marehemu."

Mstari wa mbele, Bwana Lwitiko alivua miwani akaishika mapajani.

Tusekile alitaka kuondoka, lakini Gwamaka alimshika mkono. Alitoa mfukoni karatasi nyingine, ile fomu ya zamani ya mabalozi yenye mistari kumi ya wakuu wa kaya, akampa.

"Soma na hii," alisema. "Mimi sauti imenikauka."

Juu ya fomu palikuwa pameandikwa kwa kalamu: Sisi ndio tuliohamisha vinusi. Chini yake yalikuwa majina, moja kila mstari. Tusekile alimtazama Gwamaka, akafikiria miaka saba, akafikiria na wageni wa serikali waliokaa pale na masikio yao. Gwamaka aliitikia kwa kichwa kwamba soma.

Akasoma. "Gwamaka Asajile Mwasomola." Gwamaka, aliyekuwa amesimama tayari, alisogea mbele hatua moja. "Atuganile Mwasomola." Mwanamke mwenye kanga kiunoni aliinuka kutoka kwenye mkeka. "Ndimyake Kasebele." Mzee mmoja aliinuka akisaidiwa na fimbo. Jina lilifuata jina, na kila lilipotajwa mtu alisimama katikati ya watu akabaki amesimama, bila kuinamisha kichwa, mpaka wakawa tisa.

Mstari wa kumi ulikuwa mtupu. Tusekile aliutazama kwa muda. Kisha alisoma jina lake mwenyewe, lote, na la baba yake, akaikunja ile fomu akampa Bwana Lwitiko mkononi, akaenda kusimama pamoja nao mchungaji alipowaomba watu wasogee karibu kuweka udongo.